Mtu wenu yuko wapi?

Jumanne iliyopita mama mmoja alinikuta bado nahangaika na kufuli. Steshenari yangu iko hatua chache kutoka geti la mahakama hapa Dodoma, kwa hiyo wateja wangu wa asubuhi hawaji kuchapa kadi za harusi. Wanakuja na bahasha ya kaki iliyobanwa kwapani, wanataka kopi nne za kitambulisho cha NIDA, na wanauliza saa kila baada ya dakika mbili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbukwa.”

Nikajua ametoka upande wa Mvumi au Mpunguzi huko. Sisi wa mjini salamu hiyo ya Kigogo tumebaki kuwatolea wageni wa kitaifa. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akavua kandambili moja akakung'uta vumbi, ndipo akaniuliza kilichomkosesha usingizi. Mwanawe yuko mahabusu, anaharisha tangu Jumamosi, na askari mmoja amewadokeza kuwa huenda leo asipandishwe kwenye karandinga la magereza aletwe mahakamani. “Sasa mwanangu, sisi wadhamini si tupo? Barua tunazo. Hakimu si anaweza kutupa dhamana yetu, tukaenda kumchukua hukohuko?”

Nimefanya kazi pale miaka tisa. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko bei ya kopi, na miaka yote nilikuwa na jibu moja jepesi: hapana mama, lazima awepo. Nilikuwa nalisema huku nabonyeza kitufe cha mashine. Mpaka likanifika la mdogo wangu.

Mdogo wangu ni utingo wa lori. Walikuwa wanapakia magunia ya alizeti pale Kizota, ukazuka ugomvi wa nani apakie kwanza, mtu akapigwa na kipande cha chuma akapasuka juu ya jicho. Kila aliyekuwepo anasema chuma kilikuwa mikononi mwa mwingine. Aliyekamatwa ni mdogo wangu. Kituoni alilala usiku mmoja, kesho yake, Jumatatu, akafikishwa mahakamani kwa shtaka la kujeruhi.

Alipanda kizimbani saa nne. Saa nne na dakika kumi alikuwa ameshashuka. Akasomewa shtaka, akakana, mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika, hakimu akasema dhamana iko wazi. Masharti: wadhamini wawili, mmoja awe mtumishi wa umma, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni 3, barua za utambulisho na vitambulisho, na mshtakiwa asitoke nje ya mkoa wa Dodoma bila kibali cha mahakama. Kesi itatajwa baada ya siku 14. Akaulizwa kama ana la kusema, akatikisa kichwa. Akapelekwa mahabusu.

Hizo siku 14 nazo zina sababu yake. Mshtakiwa aliye rumande haruhusiwi kuahirishiwa kesi kwa zaidi ya siku 15 kwa mkupuo, kwa hiyo mahakama zetu huhesabu 14 na kila baada ya wiki mbili karandinga linawaleta, wanaitwa majina, wanaambiwa upelelezi bado, wanarudi. Ukikaa dukani kwangu muda mrefu unaanza kuwajua kwa sura, na kuona nani amekonda.

Nikaanza kusaka wadhamini. Wa kwanza alikuwa baba mdogo, mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani hata kama shahidi. Alikwenda kwa mtendaji akapewa barua, ina muhuri, ina picha yake imegongwa muhuri nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi, kila kitu safi. Nikaiweka kando ya NIDA yake juu ya kioo cha mashine nipige kopi, macho yakagota kwenye jina. NIDA imeandika jina lake la kwanza kwa “th”. Mtendaji ameandika “t” tupu. Herufi moja. Wateja wangu wawili mwezi ule ule walirudishwa kwa kosa kama hilo, mmoja aliletwa na mke wake huku wanagombana nani alimtajia mtendaji jina. Baba mdogo akaniangalia akasema, “Lakini si mimi yuleyule?” Nikamwambia baba, wewe ni yuleyule, karatasi ndiyo siyo yuleyule. Akapanda bodaboda kurudi Mpunguzi. Elfu nane kwenda na kurudi kwa ajili ya “h”.

Wa pili ilibidi awe mtumishi wa umma, na kwenye ukoo wetu hayupo hata mmoja. Kuna jamaa wanaozunguka maeneo kama yale, ukionekana umechanganyikiwa wanakusogelea: “Dada, unatafuta mdhamini? Nina mtu, ana kitambulisho cha kazi.” Wanataka chao. Siwezi kusema sikushawishika. Lakini nimewahi kuona familia iliyopita njia hiyo, mdhamini wa kukodi akapotea na mshtakiwa akapotea, ikawa shida juu ya shida, na nikaogopa. Nikamwendea mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye kwa miaka sita nimekuwa nikimchapia mitihani ya mwisho wa muhula. Nikamweleza. Akanyamaza, akauliza, “Milioni tatu?” Nikasema ndiyo. Akasema ngoja aongee na mwenzake nyumbani. Kesho yake akaja na barua ya mwajiri.

Alhamisi saa tano asubuhi nilikuwa na kila kitu. Mafaili mawili, nimeyabana vizuri kama mtu anayeomba kazi. Nikaingia na wadhamini wangu hadi kwa karani, nikaweka mezani. Akapekua ukurasa kwa ukurasa, akaridhika. Kisha akanyanyua macho:

“Mtu wenu yuko wapi?”

“Yuko mahabusu.”

“Sasa hapa mnamdhamini nani?”

Nilidhani ananitania. Mtu akiwa nje atahitaji dhamana ya nini? Karani akanieleza kwa upole, maana ananijua, nampigia kopi kwa mkopo. Tarehe ya kesi bado siku 11. Kabla ya hapo hakuna atakayemleta, isipokuwa hakimu asaini rimuvu oda. Ndivyo wanavyoitamka wote pale, makarani, askari, hata bibi wanaouza ubuyu getini: rimuvu oda. Ni karatasi inayomwamuru mkuu wa gereza amtoe mahabusu siku isiyo ya tarehe yake, aletwe mahakamani. Nusu ukurasa tu. Bila hiyo, wadhamini wako hata wawe wabunge, watakaa kwenye benchi.

Ijumaa hakimu hakuwepo. Jumamosi na Jumapili mnazijua. Jumatatu alisaini saa saba mchana, mpelekaji akaondoka na karatasi jioni. Jumanne karandinga likaja asubuhi, nikatoka dukani mbio nikasimama pembeni ya geti nahesabu wanaoshuka wamefungwa pingu wawili wawili. Hayupo. Karatasi ilifika wakati orodha ya siku hiyo imeshaandikwa. Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa mara ya pili. Baba mdogo alikuwa ameacha mizabibu yake katikati ya upogoaji. Nikawarudishia nauli, nikaenda nyuma ya duka nikalia kidogo, nikarudi kwenye mashine.

Mdogo wangu alilala ndani siku tisa. Sita kati ya hizo karatasi zote zilikuwa mkononi mwangu.

Sasa ningekuandikia haya siku ile ya Jumanne, ningekuambia utaratibu huu ni ukatili mtupu: haki ya mtu inazuiwa kwa sababu mtu huyo hayupo, na hayupo kwa sababu mmemfungia. Bado naona kuna ukweli hapo. Lakini Jumatano aliletwa.

Aliingia na shati lilelile la Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kuninginia kifuani, akafungua faili. Akawataka wadhamini wasimame. Halafu, badala ya kuwauliza wao, akamgeukia mdogo wangu.

“Huyu mzee unamfahamu?”

“Ndiyo Mheshimiwa. Baba yangu mdogo.”

“Na huyu?”

Mdogo wangu akamtazama mwalimu. Akamtazama tena. Mimi huku nyuma nimeshika benchi.

“Hapana Mheshimiwa. Simfahamu.”

Chumba kikapoa. Hakimu akamuuliza mwalimu kama anamdhamini mtu asiyemjua. Mwalimu, naye kwa kihoro, akajibu kuwa anamfahamu dada yake kwa miaka sita, ndiye anayemchapia mitihani. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

“Mwalimu, dada yake hajashtakiwa hapa.” Kisha akamweleza pole pole, kama anayemfundisha mwalimu hesabu: huyu kijana asipotokea siku ya kesi, mahakama itakuita wewe. Utatakiwa umlete, au ueleze kwa nini bondi yako isilipwe. Utamtafuta wapi? Anaishi mtaa gani? Anashinda wapi? Mwalimu hakuwa na jibu hata moja. Hata mimi sikuwa nimewahi kumweleza. Nilikuwa nimemkabidhi karatasi tu.

Nilijua tumekwisha. Lakini hakimu akasema, “Nawapa mpaka saa nane. Kaeni muongee.”

Wakakaa kwenye benchi la korido, askari magereza upande mmoja, mdogo wangu katikati na pingu zake, mwalimu upande wa pili. Nilitaka kusogea nisaidie kuongea, askari akanionyesha kwa kidole nikae mbali. Nikanunua maji chupa mbili, nikakaa mbali. Niliona mwalimu ametoa daftari lake dogo la maandalio, anaandika. Wakaongea dakika ishirini hivi. Kuna mahali mwalimu aliacha kuandika akamwangalia tu.

Saa nane waliporudi, mwalimu ndiye aliyeomba kuzungumza. Akasema sasa anamfahamu kidogo, anajua anakoishi Nkuhungu na anamjua mwenye lori. Lakini kuna jambo. Huyu kijana kazi yake ni barabarani, Dodoma na Manyoni na Singida, mara mbili kwa wiki, na sharti linasema asitoke nje ya mkoa. “Mheshimiwa, nikisaini hivi hivi, nasaini kwamba atavunja sharti wiki ya kwanza, au atakaa bila kazi.”

Mimi dada mtu, niliyezunguka mji mzima siku tisa, jambo hilo halikunijia kichwani. Mdogo wangu mwenyewe alikuwepo siku sharti linatamkwa, akatikisa kichwa. Alikuwepo mwili tu. Hakimu akamuuliza mwendesha mashtaka kama ana pingamizi, akasema hana. Akabadili: anaweza kusafiri kikazi hadi Singida, ila aripoti kituo cha polisi kila Jumatatu. Mdogo wangu akasaini, baba mdogo akasaini kwa mkono unaotetemeka kama anaandika wosia, mwalimu akasaini. Saa tisa na nusu pingu zikafunguliwa.

Baadaye nilimuuliza wakili mmoja mteja wangu, mzee wa makamo anayependa kuchapa maombi yake kwa herufi kubwa kuliko kawaida. Nilimuuliza moja kwa moja: sheria inasema lazima awepo? Akanijibu jibu la kiwakili, yaani akaligawa swali langu vipande. Ushahidi, alisema, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka uchukuliwe mshtakiwa akiwepo, isipokuwa pale mahakama imemruhusu asihudhurie. Lakini kujadili dhamana si kuchukua ushahidi wa kesi. Kwenye yale maombi ya dhamana yanayopelekwa Mahakama Kuu kwa hati ya kiapo, kazi kubwa ya hoja ni ya mawakili. Kusaini bondi ni habari nyingine. Bondi lazima isainiwe na mshtakiwa mwenyewe pamoja na wadhamini, kwa sababu ni ahadi yake: nitakuja siku fulani, mahali fulani. “Dada,” akasema, “mimi naweza kumwombea mteja wangu dhamana mpaka koo likauke. Siwezi kumwahidia.” Sheria yenyewe, akaongeza, inatambua kuwa mtu anaweza kuwa gerezani wakati bondi inakamilika, ndiyo maana kuna hati ya kuachiwa inayopelekwa kwa mkuu wa gereza.

Halafu kuna Katiba, ibara ya 13, fungu la 6: mtu haki zake zinapoamuliwa na mahakama, awe na fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Wakili aliisoma kwa kichwa huku anahesabu kurasa zake asizidishiwe bei.

Ziko familia ambazo swali hili haliwagusi kabisa, na hizo ndizo huwa sijui niziambie nini. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengine kwenye orodha ile tuliyozoea kuiita 148(5), kwa namba ya kifungu chake kwenye sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai: mshtakiwa awepo asiwepo, dhamana hakuna. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Nakumbuka watu walikuja dukani na simu mkononi wakitaka niwachapishie habari ile. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo.

Wapenzi wa kutazama sinema huniambia mbona Marekani mambo mepesi. Kule zipo kampuni zinazodhamini watu kwa ada, biashara kama bima. Hapa mdhamini ni ndugu, jirani, au mwalimu anayechapiwa mitihani. Labda ndiyo sababu hakimu yule aliona ni lazima wale wawili waonane uso kwa uso.

Na siku hizi kuna mahakama mtandao. Tangu kanuni za 2021 shauri linaweza kusikilizwa watu wakiwa mbalimbali, mahabusu anabaki gerezani anaonekana kwenye skrini. Kwa kutajwa kesi, mimi naunga mkono kwa mikono miwili, nimeona karandinga likija kujaa watu kwa ajili ya neno “upelelezi bado”. Ingekuwa hivyo kwetu, huenda zile siku sita zingekuwa mbili. Ila nawaza lile benchi la korido. Mwalimu angeandika nini kwenye daftari lake kwa kuangalia skrini ambayo sauti inakatika, na nyuma ya kijana kuna foleni ya wengine kumi wanaosubiri zamu?

Haya yote sikumwambia yule mama. Alikuwa na haraka. Nilimwambia hivi: mama, mimi si wakili, lakini ninavyoona pale, asipoletwa leo, askari atamweleza hakimu kuwa anaumwa. Msiondoke. Nendeni kwa karani mkaguliwe karatasi leo leo, ili siku akiletwa kusiwe na “th”. Ombeni rimuvu oda ya siku ya karibu, msisubiri tarehe ya wiki mbili. Ulizeni saa ngapi karatasi itaondoka, maana ikichelewa jioni asubuhi hayupo kwenye orodha. Na huyo mdhamini wa pili, mtoto wako anamjua?

Akaniangalia. “Ni shemeji yake, ndugu wa mke wa kaka yake. Amehamia majuzi kutoka Kongwa.”

“Wameshaonana?”

Akafikiri. “Msibani, mara moja.”

Nikamwambia amwite huyo shemeji aje akae pale dukani, amweleze habari za kijana tangu mwanzo: analala wapi, anafanya kazi kwa nani, jina la utani analoitwa mtaani. Shemeji akaja, kijana mpole mwenye kofia ya mkulima. Nikawapa viti viwili nyuma ya mashine. Wakati napiga kopi zao nilikuwa namsikia mama anaeleza, kwa Kigogo mara nyingi kuliko Kiswahili, na shemeji anarudia majina ya mitaa kimoyomoyo.

Saa tatu kasorobo karandinga likapita. Mama alisimama kwa ghafla, mafaili mkononi, wakatoka bila hata kuchukua chenji. Nilipofunua mfuniko wa mashine nikakuta NIDA ya shemeji bado iko juu ya kioo. Nikaacha duka wazi, nikawakimbilia getini.